Kazi umepata ng'ambo, cheti cha ndoa hamna: mwenzako anaweza kukufuata kwa viza gani?

Chukua mfano wa fundi umeme wa Kampemba, Lubumbashi, aliyepata kontrati ya kazi Canada. Ana miaka mitatu akikaa nyumba moja na binti wa Kitwe, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Wana mtoto. Mahari imelipwa nusu, na familia hizo mbili zimekwisha kuitana wakwe. Jirani anamwambia akachukue atestasio ya makazi komini, ile karatasi ya kuonyesha wanakaa wapi, ndiyo itampatia mwenzake viza. Mchungaji anasema cheti cha kanisa kinatosha. Komisioneri, yaani dalali wa safari, anamshauri ajaze kwenye fomu kwamba ni selibateri, hana mke, ili safari iende haraka, mwanamke atafuata baadaye.

Lubumbashi imejaa mashauri ya namna hii, kwa sababu kila mtu anatoa lile lililomfaa binamu yake, aliyekwenda nchi nyingine, mwaka mwingine, kwa pasipoti nyingine. Ukweli ni kwamba hakuna viza moja ya mchumba inayotumika dunia nzima. Kila nchi imeamua kivyake ni mpenzi yupi inamhesabu kuwa familia ya mfanyakazi, na yupi inamwona kama mtu baki.

Tuanze na majina, maana fomu za viza huyatenganisha kabisa. Mume au mke, machoni pa ubalozi, ni yule mwenye cheti cha ndoa kilichotolewa na serikali. Kwetu kinatoka ofisi ya etasivili, ile inayoandikisha ndoa na watoto wanaozaliwa. Mwenza wa kuishi pamoja ni yule mnayekaa naye kama mume na mke bila cheti hicho, yale maisha ambayo Kongo nzima inayajua kwa jina la yaka tofanda. Mwenza aliyeandikishwa ni yule ambaye uhusiano wenu umeingizwa kwenye daftari la serikali bila kuwa ndoa, kama PACS ya Ufaransa. Kongo haina daftari la aina hiyo. Mchumba ni yule mnayepanga kuoana naye, hata kama hamjawahi kukaa nyumba moja. Na mtegemezi ni mtu yeyote anayepewa viza kwa sababu mwingine ameshapewa yake.

Kontrati ya kazi ni kama tiketi ya basi la kwenda Kolwezi: inakupa kiti kimoja, chako. Kuna makampuni yanayokubali uandike jina la msafiri wa pili kwenye tiketi yako, lakini yanataka kujua ni nani kwako. Mengine yanasema kila mtu na tiketi yake. Basi mwenzako ana njia kuu mbili: aandikwe kwenye tiketi yako kama mtegemezi, au akate yake kwa viza yake mwenyewe ya kazi au ya masomo. Watu wengi husahau hiyo njia ya pili, nami naona hilo ni kosa. Mwanamke mwenye diploma ya uuguzi au ya maabara anaweza kuwa na nafasi nzuri kwa jina lake kuliko kwa jina la mwanaume ambaye hawajaoana.

Nchi zinazowahesabu walio pamoja bila ndoa

Canada ndiyo iliyo wazi kuliko nyingi. Sheria yake inamtambua mwenza wa kuishi pamoja mkiwa mmekaa chini ya paa moja kwa mwaka 1 mfululizo, katika uhusiano wa mume na mke. Mnajaza tamko la kiapo juu ya kuishi kwenu pamoja, fomu IMM 5409, na mnaambatanisha ushahidi. Huo mwaka lazima uwe wa kweli. Miezi 7 ya kukaa pamoja na miezi 5 ya kupigiana simu haifanyi mwaka. Lakini mkishautimiza, kutengana kwa muda kwa sababu ya kazi hakuvunji uhusiano, mradi muonyeshe kwamba bado ninyi ni nyumba moja.

Canada ina pia kundi la wapenzi ambao hawakuweza kukaa pamoja kwa sababu ya kizuizi kikubwa, kwa mfano kunyimwa viza au ndoa ya zamani ambayo nchi ya mmoja wao hairuhusu kuivunja. Hili linawachanganya watu wengi. Njia hiyo ni ya raia wa Canada na wenye ukaaji wa kudumu wanaomdhamini mtu. Mfanyakazi anayekwenda kwa kontrati ya miaka miwili haimhusu.

Mwenza akikubaliwa, je, ataruhusiwa kufanya kazi? Zamani jibu lilikuwa rahisi zaidi. Tangu tarehe 21 Januari 2025, kibali huru cha kazi, kisichomfunga mtu kwa mwajiri mmoja, kwa mwenza wa mfanyakazi wa kigeni kinategemea ngazi ya kazi ya yule aliyetangulia: kazi za uongozi na za kitaaluma, pamoja na baadhi ya kazi zenye upungufu wa watu. Kibali cha aliyetangulia lazima kiwe kimebakiza angalau miezi 16. Kwa hiyo fundi wetu wa Kampemba anapaswa kutazama kazi yake imewekwa ngazi gani na serikali ya Canada. Cheo kizuri kilichoandikwa kwenye kontrati peke yake hakimsaidii.

Uingereza inataka miaka 2. Kwa muda mrefu ilidai miaka hiyo iwe ya kukaa nyumba moja. Tangu mwisho wa Januari 2024 inatosha kuthibitisha kwamba mmekuwa katika uhusiano unaofanana na ndoa kwa angalau miaka 2. Mwenza wa mfanyakazi mwenye ujuzi anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mlango huo umepunguzwa upande mwingine. Tangu tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wa kuwatunza wazee na wagonjwa hawaruhusiwi kuleta wategemezi. Tangu tarehe 22 Julai 2025 katazo limewafikia pia wanaoajiriwa upya katika kazi zilizo chini ya kiwango cha digrii. Mtu akikuahidi kazi ya kutunza wazee Uingereza, na kwamba mkeo na watoto watakufuata, ujue anauza habari za mwaka 2023. Kumbuka gharama pia: ada ya huduma ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, inalipwa yote mapema, na mtegemezi analipiwa ya kwake.

Afrika Kusini, ambayo kwa watu wa Katanga ni karibu kuliko Ulaya, inatambua uhusiano wa kudumu usio wa ndoa ukiwa umedumu miaka 2. Inataka makubaliano yaliyoandikwa mbele ya notari. Inaweza pia kuwahoji ninyi wawili kila mmoja peke yake, ikauliza mambo ya nyumbani ambayo mnaokaa pamoja kweli hamwezi kuyakosa. Lakini viza ya kumfuata mfanyakazi haimpi mwenza ruhusa ya kazi. Akitaka kuajiriwa, atafute viza yake.

Ubelgiji ina hesabu yake ya pekee, na ni vizuri kuijua kwa sababu familia nyingi za Lubumbashi zina ndugu huko. Nchi hiyo inaruhusu wapenzi kuandikisha kuishi kwao pamoja mbele ya komini, na ipo viza ya kwenda kufanya hivyo. Ili uhusiano uhesabiwe kuwa wa kudumu, muonyeshe jambo moja kati ya haya: mmekaa pamoja mwaka 1 bila kukatika, au mmejuana angalau miaka 2, mkawasiliana mara kwa mara na kukutana ana kwa ana angalau mara 3, siku zote zikijumlishwa zifike 45, au mna mtoto wenu. Kwa kawaida wote wawili muwe mmetimiza miaka 21. Afisa wa komini ya huko anaweza kukataa akiona kwamba mnaandikishana kwa ajili ya karatasi tu.

Uholanzi nayo inawakubali wasiooana wenye uhusiano wa kudumu wa watu wawili tu, na mwenza wa mfanyakazi mwenye ujuzi wa juu anaruhusiwa kufanya kazi. Australia nayo inawakubali wasiooana.

Nchi zinazotaka cheti

Ujerumani haina viza ya familia kwa wapenzi wanaokaa pamoja tu, hata mkae miaka 10. Inamtaka mume au mke wa ndoa. Asiyeoa anaweza kuomba viza ya kwenda kufunga ndoa huko. Ufaransa inawadanganya wengi kwa sababu ya PACS. Wanafikiri PACS ni ndoa ndogo inayoleta viza. Sivyo. Njia ya kuunganisha familia kwa mgeni anayefanya kazi Ufaransa ni ya wanandoa na watoto wao. PACS ni kithibitisho kimoja tu kati ya vingi cha maisha ya pamoja, na haifungui mlango huo.

Marekani inatoa viza za wategemezi wa wafanyakazi, kama H-4 na L-2, kwa mume, mke na watoto peke yao. Mwenza asiye wa ndoa anaweza kuomba viza ya utalii B-2 ili akae na mfanyakazi, lakini hawezi kufanya kazi. Ile K-1 inayosikika sana, ya mchumba anayefunga ndoa ndani ya siku 90, ni ya wachumba wa raia wa Marekani. Mkongomani aliyeajiriwa Texas hawezi kumwombea mchumba wake K-1, na anayekuchukulia pesa kwa kazi hiyo anakuibia.

Dubai wanakwenda wafanyabiashara wetu wengi. Sheria za huko zimelegezwa tangu mwaka 2020, na wasiooana kukaa pamoja si kosa tena. Lakini mfanyakazi anayetaka kumdhamini mke kwa viza ya ukaaji bado anaombwa cheti cha ndoa kilichothibitishwa. Kutoadhibiwa ni jambo moja, kupewa viza ni jambo lingine.

Ushahidi ndio unaowakwamisha wetu

Hapa ndipo napenda tukae kidogo, kwa sababu nimeona wapenzi wa kweli kabisa wakikataliwa kwa kukosa karatasi. Maisha yetu hayaachi karatasi nyingi. Nyumba inapangwa kwa mdomo, au kontrati ina jina la mwanaume peke yake. Umeme uko kwa jina la mwenye nyumba. Akaunti ya benki ya pamoja ni ya wachache. Afisa aliye mbali hawezi kuja Katuba kuwauliza majirani. Anasoma kilichomo kwenye faili tu.

Kwa hiyo faili lianze kujengwa mapema, kabla kontrati haijafika. Ombeni mwenye nyumba aandike majina yenu wote wawili kwenye kontrati ya kupanga. Atestasio ya makazi kutoka kartie au komini ichukueni, kila mmoja yake, zenye anwani ileile na za tarehe mbalimbali. Jirani anayesema atestasio hiyo inatosha anakosea, lakini si kwamba haina kazi: ni tofali moja la ukuta. Historia ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money inaonyesha nani alimtumia nani pesa ya kodi na ya chakula kwa miaka mizima, na mimi naiona kuwa kati ya ushahidi wenye nguvu zaidi kwa watu wetu, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya viza. Picha ziwe na watu wengine ndani: wazazi, mazishi, ubatizo, sherehe za kumaliza masomo. Ujumbe wa WhatsApp chagueni michache ya kila mwezi. Msipeleke kurasa 400.

Mtoto anasaidia, lakini yeye si viza. Mwandikisheni etasivili ndani ya siku 90 tangu azaliwe kama sheria inavyotaka, kwa majina ya wazazi wote wawili. Anayeandikisha mtoto kwa jina la babu ili kupunguza maswali anajiletea maswali makubwa zaidi baadaye.

Mwenza akiwa mgeni, kama yule binti wa Kitwe, kuna tabaka jingine. Sheria itakayotumika kwake ni ile inayohusu pasipoti yake, si yako. Ubalozi utauliza anakaa Kongo kwa kibali gani, na kama hana karatasi za DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo, huenda akalazimika kuomba kutoka Zambia. Akivuka Kasumbalesa kwa karatasi ya wakaaji wa mpakani, pasipoti yake inabaki tupu. Akivuka kwa pasipoti, mihuri inamsimulia. Canada itamtaka pia cheti cha polisi cha kila nchi aliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita. Kwa hiyo atahitaji cha Zambia na cha Kongo pia.

Neno selibateri kwenye fomu

Katika mashauri yote yanayozunguka mjini, la komisioneri ndilo linalonitia hofu. Andika wewe ni selibateri, utarekebisha baadaye. Kwa Canada, ushauri huo unaweza kumfungia mwenzako mlango kwa miaka mingi sana. Anayeomba ukaaji wa kudumu anatakiwa kumtaja mwenza wake na kumpeleka akapimwe afya na kuchunguzwa, hata kama hasafiri naye. Asipomtaja, kanuni inamtoa mwenza huyo katika kundi la familia anayoweza kuidhamini. Siku fundi wetu atakaporudi kusema, "Huyu ni mwenza wangu tangu mwaka 2022," afisa atafungua fomu ya kwanza na kusoma selibateri. Unafuu uliotolewa mwaka 2019 uliwalenga hasa waliokuja kama wakimbizi au kwa udhamini wa familia. Walioingia kwa njia ya kazi hawamo.

Adhabu za uongo ziko wazi. Canada inamfungia mtu miaka 5. Uingereza inaweza kukataa maombi yake kwa miaka 10. Marekani inaweza kumzuia maisha yake yote. Na cheti cha ndoa cha kununuliwa ni uongo vilevile, hata kama muhuri ni wa kweli.

Je, mtu aliyefunga ndoa ya familia tu ajaze nini? Aseme ukweli mzima kwenye barua: mahari ilitolewa tarehe fulani, ndoa haijaandikishwa, tunakaa pamoja tangu mwaka fulani. Penye kifungu cha mwenza wa kuishi pamoja, hapo ndipo mahali pake. Na mwenye ndoa iliyoandikishwa na mke mmoja hawezi kumwombea deuxième bureau wake, yule mwanamke wa nje, viza ya mwenza huku ile ndoa inaendelea. Nchi nyingi kati ya hizi hazikubali wake wawili.

Kuoana kwanza?

Wengi hawajaoana kwa sababu moja tu: mahari haijakamilika. Ni vizuri familia zijue kwamba Sheria ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inamruhusu afisa wa etasivili kufungisha ndoa hata kama mahari imetolewa sehemu tu. Ile nusu iliyokwisha kutolewa Kitwe inatosha mbele ya sheria. Linalobaki ni makubaliano ya wazee. Ndoa iliyofungwa katika familia inatambuliwa pia, ila wanandoa wanatakiwa kufika etasivili ndani ya mwezi mmoja ili iandikishwe. Cheti cha kanisa au cha msikiti peke yake hakina nguvu hiyo. Mwenza wa kigeni ataombwa karatasi ya kwao inayothibitisha kwamba hajaolewa, na cheti chenu cha ndoa kitahitaji legalizasio, yaani uthibitisho, ya Wizara ya Mambo ya Nje kabla ubalozi haujakipokea.

Kwa waliokuwa tayari wamekusudia kuoana, mimi ningewaambia waende komini kabla ya kontrati kusainiwa, si baada. Cheti kilichotolewa muda mrefu kabla ya maombi kinasomwa kwa utulivu. Cha wiki moja kabla ya maombi kinaleta mahojiano, hasa pasipo ushahidi wa maisha ya pamoja. Ambao bado hawana uhakika wasisukumwe na viza. Mwanamke aliyehamishwa kama mtegemezi, katika nchi ambayo haki yake ya kukaa inashikiliwa na ndoa yenu, anabeba hatari kubwa kuliko wewe mambo yakiharibika. Anastahili kuelezwa hayo kabla hajaacha kazi yake na ndugu zake.

Fundi wetu, kabla ya kuweka sahihi, amwandikie mwajiri maswali manne na adai majibu kwa maandishi. Kazi yangu imewekwa ngazi gani na serikali yenu? Kibali changu kitadumu miezi mingapi? Mwenza asiye wa ndoa anaingia kwenye maombi yangu, na ataruhusiwa kufanya kazi? Nani analipa ada zake? Makampuni makubwa yana wanasheria wa uhamiaji wanaojibu maswali hayo kila siku, na kuyauliza mapema hakumfanyi mtu aonekane msumbufu. Majibu yakichelewa, aombe tarehe ya kuanza kazi isogezwe mbele. Hilo mara nyingi linawezekana kabla ya sahihi, na ni gumu sana baada yake.